Ukili wa Katikati

Pongwe, Tanga
9 Februari 2025

Mpwa wangu Tuhfa,

Kosa la watu wengi wakiitazama picha hii ni kuuliza kwanza, "Rangi hizi ni za kweli?" Wakijibiwa kwamba zimetiwa na binadamu, huitupa picha nzima, kama mtu anayemwaga mchuzi kwa sababu amegundua kwamba binzari haikuota ndani ya samaki.

Naona nimeanza somo kabla ya salamu. Nisamehe, miaka thelathini na minne ya chaki haimtoki mtu upesi. Assalaam alaykum. Mimi mzima, isipokuwa magoti, nayo nimeshayazoea kama mtu anavyozoea wapangaji wakorofi. Mvua za vuli zilitupita pembeni na mihogo imesinyaa. Wasalimie nyumbani wote, na mjukuu wangu Mwanamkasi umpe hongera ya kuposwa.

Sasa jambo lako. Uliniambia kwenye simu kwamba Mwanamkasi alikuonyesha picha ya wingu la nyota, na mchumba wake Mbarouk akacheka, akasema ni uongo wa kompyuta. Salio lilinikatikia nikiwa katikati ya maelezo, ndiyo maana nakuandikia. Barua haikatiki. Picha nimeichapisha kwa Alexander wa duka la stesheni kule mjini, na Abass anayepeleka vitunguu Wete kwa meli atakukabidhi vyote viwili.

Itazame vizuri. Chini unaona kama majabali yenye rangi ya kutu, juu yake anga la samawati lenye nyota. Yale si majabali. Ni gesi na vumbi, na humo ndani nyota zinazaliwa hivi sasa. Nikisema hivi sasa nadanganya kidogo, maana mwanga uliopigwa picha ulitoka huko zaidi ya miaka elfu saba iliyopita. Kilele kirefu kabisa unachokiona, mwanga wenyewe ukitoka chini huchukua miaka kama saba kufika juu yake.

Darubini iliyopiga picha hii ilirushwa mwishoni mwa mwaka 2021, nayo iko mbali na dunia kuliko mwezi. Inaona mwanga ambao jicho letu halioni, ule tunaouhisi kama joto. Pasi ya mkaa ukiiweka chini, haing'ari, lakini ukisogeza mkono unajua ipo. Mwanga wa namna hiyo hupenya vumbi ambalo mwanga wa kawaida haupenyi. Darubini huupokea kwa vichujio, kila kichujio na aina yake ya mwanga, na kila kimoja hutoa picha nyeusi na nyeupe. Wataalamu ndio wanaotia kila picha rangi yake, kisha wanazilaza moja juu ya nyingine.

Wewe unalijua hili kuliko mimi. Miyaa ya kusukia hutoka mkinduni haina rangi. Unaichemsha, nyekundu chungu chake, kijani chungu chake, ndipo unasuka. Nani amewahi kuutazama mkeka wako akasema, "Huu ni uongo, umetiwa rangi"? Mweleze hivyo Mbarouk. Picha itundike ukutani.

Mjomba wako,
Zubeiri Uweso


Wete, Pemba
5 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ramadhani karimu. Barua ilichelewa kwa kuwa meli ilikuwa kwenye matengenezo, na Abass alipofika aliitoa ndani ya gunia la vitunguu, kwa hiyo nimeisoma nikilia, usifikiri ni kwa uchungu. Sisi wazima. Mama anafunga zote ingawa daktari amemkataza. Nikimwambia ananijibu, "Daktari ana umri gani?"

Mbarouk nimemsomea. Nilipofika kwenye mchuzi na binzari akasema, "Huyo mjomba ana matusi ya kistaarabu." Lakini neno uongo hajalirudia.

Picha sikuitundika, Mjomba. Nimepata jambo kubwa zaidi. Harusi ya Mwanamkasi itakuwa mfunguo sita, baada ya Maulidi, na mimi ndiye ninayesimamia mkeka wake. Unajua desturi yetu: mkeka wa biharusi hausukwi na mkono mmoja. Kila mwanamke wa ukoo hutoa ukili wake, ukanda aliousuka mwenyewe, kisha zote zinashonwa pamoja, na ule wa katikati hutolewa na bibi mzaa mama. Safari hii nataka mkeka uwe hilo wingu. Nimehesabu ukili kumi na tisa. Tisa za chini ni vumbi, tisa za juu ni anga. Ule wa katikati ndio ukingo, pale vumbi linapokutana na mwanga. Huo ni wa mama.

Nikamwonyesha picha. Aliishika karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kazi hii nzuri. Mpangilio wake una akili. Umeitoa wapi?"

Nikamwambia, "Kwa Mjomba Zubeiri."

Akaiweka chini, akaenda kutia maji kwenye mtungi. Mjomba, mtungi ulikuwa umejaa. Maji yakamwagika mpaka mlangoni, naye anamimina tu.

Kuna jambo kati yenu? Na utakuja harusini? Tangu tumzike baba miaka kumi na moja iliyopita hujavuka maji, na hata siku ile ulirudi kwa meli iliyokuleta.

Mpwa wako,
Tuhfa


Pongwe, Tanga
14 Aprili 2025

Mpwa wangu Tuhfa,

Marahaba. Idi ilikuwa njema, nilialikwa nyumba tatu na zote zilipika biriani, kwa hiyo nimekula sikukuu tatu. Robert, jirani yangu, alileta soda kreti nzima ingawa yeye ni wa kanisani. Mvua za masika zimeanza vizuri.

Wazo la mkeka limenifurahisha mno, nikakaa mezani kukusaidia. Jambo la kwanza ulijue: ukingo ule haukukaa wenyewe. Juu ya picha, nje ya karatasi, kuna nyota kubwa, changa na kali, na mwanga wake ndio unaolikwangua vumbi siku zote. Palipo laini pameliwa, palipo pagumu pamebaki pamesimama kama nguzo. Kwa hiyo ukili wa katikati usinyooke sana. Utiwe meno.

La pili ni rangi. Zifuate kama zilivyo kwenye karatasi: kutu chini, samawati juu. Wataalamu hawakuzitupa ovyo. Kwa kawaida mwanga wenye mawimbi marefu hupewa wekundu, wenye mawimbi mafupi hupewa usamawati, kama upinde wa mvua unavyojipanga wenyewe.

Kuhusu mama yako, usishangae. Mtu ambaye hakubahatika kuendelea na masomo huingiwa na wasiwasi akionyeshwa mambo kama haya, na si kosa lake. Nimemwandikia kurasa tatu kwa lugha nyepesi kabisa: mwanga ni nini, mwaka wa mwanga ni kilomita ngapi na tunaupataje kwa kuzidisha. Msomee taratibu, usimharakishe.

Meli za siku hizi hazitabiriki, tutaona.

Mjomba wako,
Zubeiri


Wete, Pemba
20 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mwanamkasi amepungua, anasema ni mawazo ya harusi, mimi nasema ni kukataa uji. Karafuu mwaka huu zinatia moyo.

Kurasa zako tatu sikumsomea mama. Alininyang'anya akazisoma mwenyewe, haraka, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Alipofika kwenye hesabu akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni. Kilomita laki tatu kwa sekunde, mara sekunde milioni thelathini na moja na ushei. Wewe umeandika jibu kilomita bilioni mia tisa arobaini na sita. Mama akasema, "Sifuri moja imedondoka. Ni trilioni tisa na nusu kasoro kidogo. Mwambie mwalimu arudie." Kisha akafuta sakafu kwa mguu.

Nimerudia kwa simu ya Mwanamkasi, Mjomba. Mama yuko sawa.

Rangi sikuzifuata, nikuambie mapema. Samawati ya madukani hapa huchuja ukiuosha mkeka mara moja, na rangi ya kutu inaonekana kama mkeka mchafu. Vumbi nimelitia zambarau, anga nimelitia manjano. Najua utasema wataalamu wamepanga. Lakini ni wewe uliyeniambia kwamba hakuna jicho lililoziona rangi zile na kwamba binadamu alizitia kwenye chungu chake. Basi na mimi nina chungu. Wale walichagua zinazowafaa karatasini, na mimi nimechagua zinazonifaa mkekani. Kwa nini chungu chao kiwe elimu na changu kiwe makosa?

Sasa lililo zito. Ukili kumi na nane zimekamilika. Jumapili wasusi walikusanyika uani kwetu kuanza kushona. Mwatum, shangazi yake Mwanamkasi, akautazama mkeka akasema, "Hili ni wingu au shamba la mbaazi lililoungua?" Tukacheka, na yeye mwenyewe alikuwa ametoa ukili mbili. Nikamgeukia mama, maana ndiye mkubwa wetu, nikamwomba ukili wa katikati.

Akasema mbele ya wote, "Ufumue."

Nikadhani anatania. "Niufumue nini, mama?"

"Mkeka wote. Miyaa urudishe kwenye fungu, usuke miraba kama tulivyosuka sisi. Kitu kilichotoka kwa Zubeiri sikitilii mkono."

Mwatum akamwambia, "Bi Asmahani, kazi ya miezi mitatu hii! Tena huyo ni kaka yako, si jini."

Mama akajibu, "Jini ningemsomea akaondoka."

Mjomba, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Jioni nikamfuata jikoni nikamuuliza umemkosea nini. Akasema, "Mjomba wako ameona kilicho nyuma ya vumbi la mbinguni. Hakuona kilicho nyuma ya pazia la baba yake. Muulize alijibu nini sebuleni. Usiniulize mimi, mimi sikuulizwa hata siku ile."

Haya, nakuuliza. Ulijibu nini sebuleni?

Bila ukili wake mkeka umelala vipande viwili. Na siku mkeka unapotandikwa mbele ya wanawake wa kwa Mbarouk, biharusi asiye na ukili wa bibi yake ataambiwa amekataliwa kwao.

Tuhfa


Pongwe, Tanga
11 Juni 2025

Mpwa wangu Tuhfa,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Nilichinja mbuzi mdogo, nyama ikagawiwa mpaka nikabakiwa na shingo. Masika yamekatika mapema.

Sifuri nimeiona. Ni kweli imedondoka. Nimewasahihisha wanafunzi maisha yangu yote kwa kosa hilo hilo.

Kuhusu rangi, nilikasirika siku mbili, ya tatu nikakuelewa. Una haki ya chungu chako. Ninachokuomba ni mpangilio usivunjike: palipo na joto zaidi papewe rangi moja mkeka mzima, kilicho jirani na kingine kibaki jirani yake. Rangi ni hiari, mpangilio ni ushahidi. Ukilinda hilo, zambarau yako ni elimu kama samawati yao.

Ama hayo mengine, ni maneno ya zamani. Kila nyumba ina mambo yake, na si yote yanayofaa kufukuliwa. Mama yako ni mkubwa, na harusi ni ya siku moja tu. Nimefikiri sana, naona njia ya amani ni hii: ufumue. Usuke miraba, mama yako atoe ukili wake, Mwanamkasi aolewe kwa furaha. Picha unayo karatasini, haipotei. Wakati mwingine mwenye akili ndiye anayeachia.

Mjomba wako,
Zubeiri


Wete, Pemba
3 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani utazipata kwa Abass, leo sina mkono wa kuziandika.

Sifumui.

Barua yako nilimpa mama aisome, sikumficha. Alicheka, Mjomba. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Akasema, "Ndiyo yeye huyo. Mjomba wako bingwa wa kuachia vya wenzake." Kisha akaingia chumbani, hakutoka mpaka magharibi.

Nikuheshimu kama mjomba na nikuambie kama mtu mzima, maana nina miaka arobaini na minne. Ulinitumia picha, sikukuomba. Ulinifundisha nisiitupe kwa sababu ya neno la mtu anayecheka. Nikakuamini. Nimechemsha miyaa mpaka vidole vimekuwa zambarau, nikienda sokoni watu wananiuliza nimeshika nini. Wanawake tisa wametoa ukili zao. Leo umeulizwa swali moja la maneno matatu, na ili usilijibu unaniambia nifumue kazi ya wanawake tisa. Hiyo unaiita amani?

Mama nami hatugombani. Tunapika pamoja, tunakula sahani moja. Kila asubuhi ananiuliza, "Umefumua?" Nami namjibu, "Bado, na sitafumua." Anasema, "Tutaona mimi na wewe nani ana kichwa kigumu." Namwambia, "Nimekirithi kwako." Hapo huwa anageuka upande, lakini naona mashavu yake yanacheka.

Hataki niufumue, Mjomba. Nimeanza kulijua hilo. Angetaka, angeshaufumua mwenyewe, anao mkasi. Nadhani anataka kuona kama nami, nikiambiwa niachie, nitaachia.

Mwanamkasi naye amesema mkeka mwingine haulalii. Amewaambia na wakwe. Mama yake Mbarouk akauliza, "Na vipande viwili je?" Mwanangu akajibu, "Basi nitalalia kimoja, Mbarouk kimoja, mpaka wazee wapatane." Mbarouk hakucheka.

Usinieleze tena wingu. Nimelielewa. Nijibu.

Tuhfa


Wete, Pemba
10 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Abass amekuja mara tatu mikono mitupu. Simu yako inaita, haipokelewi. Robert amemwambia Abass kwamba u mzima na unaonekana msikitini.

Mkeka tunautandika Alhamisi tarehe 4 Septemba, wanawake wa pande zote mbili wakiwapo. Nitautandika hata ukiwa vipande viwili. Nami nikiulizwa ukili wa katikati uko wapi, nitasema uko kwa mjomba wangu Pongwe, ameukalia.

Tuhfa


Pongwe, Tanga
24 Agosti 2025

Mpwa wangu Tuhfa,

Wa alaykum salaam. Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile zenye hasira. Mimi mzima. Sina habari ya mvua wala ya mihogo.

Umeuliza nilijibu nini sebuleni. Nitakujibu bila kukata kona.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1974, nyumbani kwetu Kigombe. Mama yako alikuwa amemaliza darasa la saba. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwa baiskeli, jua kali, na karatasi mfukoni. Katika kijiji kizima walichaguliwa watoto wawili kwenda sekondari ya bweni, na mmoja wao alikuwa Asmahani Uweso. Hakukuwa na msichana wa Kigombe aliyekwenda kabla yake. Baba hakukataa. Hilo ndilo ambalo watu hawalijui, na mimi nimeacha miaka hamsini wadhani kwamba alikataa. Baba aliishika karatasi ile juu chini, maana hakujua kuisoma, akanipa niisome, kisha akanigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, nimevaa saa. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Unaonaje, aende?"

Mama yako alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya pazia. Nilijua kwamba yupo.

Nikasema, "Mmoja aliyesoma anatosha nyumba hii. Asmahani anasuka vizuri, abaki na mama."

Baba akaichukua karatasi mkononi mwangu, akairudisha. Mwalimu mkuu alinitazama, akanywa maji akapanda baiskeli yake. Mama yako akaleta kahawa. Hakumwaga hata tone. Aliweka kikombe changu mbele yangu, na tangu siku hiyo hajaniita kaka.

Sasa utauliza kwa nini. Nimewahi kujiambia kwamba nilimwonea huruma, kwamba bweni lilikuwa mbali, kwamba baba alikuwa na shida. Yote hayo ni vumbi. Mwaka ule nami nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusoma fizikia. Marehemu mama alikuwa anaumwa, mguu mmoja umekufa. Mtu mmoja ilibidi abaki naye. Asmahani akiondoka, ningebaki mimi. Nilichagua, na nilichagua kwa maneno kumi na moja tu, tena kwa sauti ya upole.

Kila nilichokijua baada ya hapo kuhusu nyota nilikinunua kwa karatasi ile. Na mimi, mpwa wangu, nikathubutu kumwandikia kurasa tatu kwa lugha nyepesi! Mtu ambaye akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akiambiwa vipimo vya mkeka anataja idadi ya miyaa kabla mama hajakata hata mmoja. Nilijieleza kwa mtu ambaye hakuuliza, kuhusu jambo ambalo si lililomuuma, tena nikakosea hesabu.

Barua yako ya Julai niliiweka chini ya msahafu. Kila siku niliandika jibu, na kila jibu lilikuwa na maelezo mazuri. Nimechoma kumi na moja. Robert aliona moshi akaja kuuliza kama nachoma taka. Nikamwambia ndiyo.

Sasa sikiliza ninayoyasema, na haya siyafuti.

Niliyokuandikia mwezi wa sita yalikuwa ya mtu yule yule wa mwaka 1974, ila na mvi. Usiufumue mkeka. Usiufumue akikwambia mama yako, usiufumue wakicheka wa kwa Mbarouk, na mimi nikikuandikia tena neno "achia", ichane barua. Vumbi lako liwe zambarau. Mtu akikuuliza nani kakuruhusu, mwambie hukuomba ruhusa.

Kwa mama yako siombi asahau, wala sikuombi wewe umlainishe. Ana haki ya kunikasirikia mpaka nife, na hata akipenda aendelee baadaye. Aninyime mimi, asimnyime Mwanamkasi. Hilo tu ndilo ninalolipinga, na nitalipinga mbele yake. Akiniuliza nimepata wapi haki ya kumpinga, nitamwambia kwamba sina, na bado napinga.

Nakuja. Tiketi nimekata, nitashuka Wete Jumatano tarehe 3. Akinifungia mlango nitakaa barazani. Nina miaka sabini na mitano, kukaa ninajua. Akinimwagia maji, nitakauka. Siku ya Alhamisi nitasema mbele ya wanawake wa pande zote mbili haya niliyoyaandika hapa, kwa mdomo wangu, na jina la Asmahani nitalitaja kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ile, la kwanza kati ya wawili. Baba alisikia kwangu mbele ya watu. Na hili lisikiwe mbele ya watu.

Lakini asilisikie kwanza barazani kama wageni. Wala usimsomee wewe. Miaka hamsini iliyopita karatasi yenye jina lake ilipita mikononi mwa wanaume watatu, yeye hakupewa hata kuishika.

Leo hii, kabla hujafanya jambo jingine lolote, mpe mama yako barua hii aisome mwenyewe.

Zubeiri Uweso